Dakika Ishirini na Mbili

Taarifa ya kifo cha Mwalimu Zefania ilinikuta shambani, nikiosha tangawizi. Nilikuwa nimeinama mferejini, mikono imejaa udongo mwekundu, na simu ikawa inalia mfululizo kwenye mfuko wa sweta. Kundi letu la WhatsApp la waliosoma chuo kile ni kundi la watu wazima wenye magoti mabovu, na halichangamki ila kwa harusi za watoto na kwa misiba. Kwa jinsi lilivyokuwa likilia siku ile nilijua si harusi. Nikajifuta mikono kwenye khanga, nikasoma. Wenzangu walikuwa wameshaanza kumwaga sifa: baba yetu, mlezi wetu, mtu wa nidhamu, amelala katika Bwana. Nilizisoma zote mpaka ya mwisho, nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea na tangawizi yangu. Sikulia na sikuandika pole. Niseme wazi tangu mwanzo ili msomaji asidhani naficha: nilichosikia moyoni kilikuwa hasira. Nilikasirika kwamba amekufa kabla hajaniomba radhi, na sasa hawezi tena.

Jioni Eliaika akanipigia. Eliaika alikuwa jirani yangu wa kitanda chuoni, na mwaka ule ndiye aliyekuwa mgonga kengele wetu. Leo ni bibi wa wajukuu sita, anaishi Same mjini, na ndiye mwenyekiti wa kundi letu. "Nakunda, familia inaomba wewe ndiye useme neno la wanachuo," akasema. Nikamuuliza kama familia inajua inachokiomba. Akacheka kidogo, akasema atanitumia ratiba. Aliituma kwangu peke yangu, hakuiweka kwenye kundi, nami nikaona amenipa heshima. Ilikuwa Jumamosi, kanisani kule juu karibu na nyumba ya marehemu. Ibada, wasifu, salamu za rambirambi, halafu jina langu: Neno la wanachuo, Bi. Nakunda, saa saba kamili mchana. Niliyatazama maneno hayo ya saa saba kamili mpaka chai ikapoa, na hapo nikakata shauri. Nitachelewa. Nitachelewa dakika ishirini na mbili, isizidi moja wala isipungue moja, na jeneza la Mwalimu Zefania litakaa mbele ya watu likinisubiri.

Chuo chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu waliopo sasa hawana kosa. Kilikuwa chuo kidogo cha kanisa cha kufundisha wainjilisti, kimekaa ubavuni mwa mlima, chini kidogo ya vijiji vyetu vya Mamba. Kutoka kwa mama yangu hadi getini ni mteremko wa dakika hamsini kwa mtu mwenye miguu mizuri, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miguu mizuri kuliko wote. Bweni la wasichana lilikuwa chumba kimoja cha vitanda kumi na kimoja. Dirisha moja halikuwa na kioo, tukaliziba kwa kitenge cha Eliaika, na ukungu wa asubuhi ulipita humo humo ukatulowanishia mashuka. Chumba kilinuka mafuta ya taa, mafuta ya nazi na viatu vilivyokaushwa jikoni. Chakula kilikuwa makande. Makande mchana, makande jioni, na asubuhi makande ya jana yamepashwa moto kando ya uji. Tuliyapenda, sisi ni Wapare, mtu asituonee huruma. Lakini kilichoyafanya yalike ni kabichi na sukumawiki za bustani ya chuo, na bustani hiyo ilikuwa chini ya Mwalimu Zefania, makamu mkuu wa chuo na msimamizi wa nidhamu.

Alikuwa mwembamba, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alikuwa na saa ya mkononi ambayo aliilinganisha kila asubuhi na redio. Ofisini kwake palikuwa na meza, kiti kimoja tu, na rafu yenye daftari lenye jalada jekundu. Aliyeingia humo alisimama, kwa kuwa kiti kilikuwa chake. Ukichelewa ibada, darasa au geti, jina lako liliandikwa kwenye daftari lile, na dakika zako zikaandikwa mbele yake. Majina matatu kwa mwaka, basi: unaondolewa kwenye orodha ya kubarikiwa. Kubarikiwa ndiko kulikokuwa mwisho wa safari yetu. Ni ile siku unapiga magoti mbele ya madhabahu katika kanzu nyeupe, wachungaji wanakuwekea mikono, unasimama ukiwa mwinjilisti mwenye parishi. Hakukuwa na mwaka wa tatu wa kujaribu tena. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka mume, na mama alikuwa ameshachagua benchi atakalokaa siku hiyo, la mbele, upande wa kushoto. Kufikia katikati ya mwaka wa pili jina langu lilikuwa daftarini mara mbili. Moja ilikuwa ya malaria. Nyingine ilikuwa uzembe wangu mwenyewe, sitadanganya.

Ili ya tatu ieleweke, lazima niseme kidogo juu ya maji. Kwetu tunamwagilia kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na wazee wa zamani juu mlimani. Usiku linafungwa lijae, asubuhi linafunguliwa maji yateremke kwenye mfereji, na kila shamba lina zamu yake. Mgawaji wa maji wakati ule alikuwa Mzee Mkwizu, mtu mfupi wa gambuti ambaye hakuwa na saa wala hakuihitaji. Jua likifika juu ya jiwe fulani ni saa sita, na saa sita anaziba njia ya maji ya huyu kwa mawe, tope na magome ya mgomba, anafungua ya yule. Ukiikosa zamu yako, unangoja wiki mbili. Jumamosi ya mwisho ya likizo fupi, zamu ya asubuhi ilikuwa ya bustani ya chuo, na zamu ya kuanzia saa sita ilikuwa ya mama. Mama alikuwa amejikata mguu kwa jembe, amelala na mguu juu ya gunia, kwa hiyo nilikuwa mimi shambani, nimekaa na jembe magotini, nangoja maji yaliyokuwa hayaji. Tangawizi ilikuwa changa na udongo umepasuka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na saa nane ndipo maji yakafika, membamba, yana povu. Hesabu yangu ilikuwa nimalize saa tisa, nioge, nile, nishuke bila haraka. Saa kumi na moja mama akapiga kelele kutoka mlangoni, "Nenda Nakunda, acha hiyo mistari iliyobaki!" Sikuiacha. Nilimalizia mistari minne, nikanawa miguu, nikakimbia. Geti lilifungwa saa kumi na mbili; kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, na niliisikia nikiwa bado kwenye migomba ya mwisho, Eliaika akiigonga taratibu kuliko kawaida ili kuninunulia muda. Mwalimu Zefania alikuwa amesimama getini, mkono mmoja umeshika saa. Shikamoo yangu aliiitikia kwanza, maana alikuwa na adabu zake. "Marahaba. Dakika ishirini na mbili, Nakunda. Pole na safari."

Nilikata rufaa. Neno hilo nilijifunza kwa ajili yake. Kikao cha nidhamu kilikaa Jumanne: mkuu wa chuo, mchungaji mpole aliyekuwa na kikohozi kisichokwisha, walimu wawili, na Mwalimu Zefania mwenyewe na daftari lake. Mimi nilimleta Mzee Mkwizu. Alivua kofia, akakataa kiti, akaeleza kwamba saa sita ile aliziba njia ya maji ya chuo kwa mikono yake, akaenda zake, na aliporudi saa nane akakuta magome yamechomolewa, na maji yanakwenda kwenye nyanya za Mwalimu Zefania, siyo za chuo, zile zake binafsi nyuma ya nyumba. "Kwa hiyo binti huyu alichelewa geti kwa kuwa Mwalimu alichelewa maji," akasema. Mwalimu Zefania hakukana. Alisema, "Mzee, wewe ni mtu wa maji. Mambo ya geti huyajui."

"Kweli," Mzee Mkwizu akajibu, "na wewe ni mtu wa geti. Ila mambo ya maji unayajua vizuri sana."

Nilishindwa. Mkuu wa chuo aliniambia kwa masikitiko kwamba kanuni haina sehemu ya sababu. Mzee Mkwizu alivaa kofia yake, akaniangalia pale barazani, akasema, "Usilie hapa. Huku mlimani na sisi tuna kikao."

Na walikuwa nacho. Wazee wa ndiva walikaa wiki ile ile, na hukumu yao ilikuwa ya siku zote kwa anayeiba zamu ya mwenzake: alete ndoo ya dengelua. Dengelua ni pombe yetu ya miwa. Mkosaji anaileta siku ya msaragambo, siku ambayo pembe inapulizwa na kijiji kizima kinakwenda kutoa tope kwenye ndiva. Anaileta mchana, kwa mikono yake, na anaionja kwanza mbele ya watu wote ili ionekane haina ubaya. Ndipo anasamehewa. Mwalimu Zefania ndiye aliyekuwa akitufundisha somo la maisha ya Kikristo. Dengelua aliitaja kila wiki, na kwa ushauri wake mama mmoja wa jirani na chuo alikuwa ametengwa na kanisa kwa kuipika. Akajibu kwamba hataleta. Wazee hawakubishana naye. Waliiziba njia ya maji ya chuo, safari hii kwa mawe matupu, wakaenda kulima.

Wiki ya kwanza kabichi zililegea. Wiki ya pili zikawa karatasi. Makande yakawa mahindi na maharage na chumvi, basi, na mezani nikaanza kusikia watu wakinyamaza nikikaa. Bwenini mmoja alisema gizani, akijua niko macho, "Mtu mmoja kachelewa, watu arobaini wanakula chakula cha jela." Eliaika peke yake ndiye aliyeendelea kunichotea maji ya kuoga. Sasa nikiwaza naona walikuwa na haki ya kunichukia, lakini wakati ule nilikuwa nimeanza kuonja kitu kitamu ambacho sikuwa nimewahi kukionja. Kila jani lililokauka kwenye bustani ile nililihesabu. Nilipitia njia ya bustani makusudi, asubuhi na jioni, na nilipomkuta Mwalimu Zefania amesimama katikati ya matuta yake na kopo la maji ya kunywa, akigawa tone tone, nilimwamkia kwa sauti nzuri kabisa.

Jikoni kwetu kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula kwenda chumba cha walimu. Siku moja, zamu yangu ya kuosha vyombo, kidirisha kilikuwa wazi kiasi cha vidole viwili. Nikasikia kikohozi cha mkuu wa chuo, kisha sauti yake ikisema kwamba mambo haya yamekwenda mbali, na kwamba wazazi wameanza kuuliza. Kijiko kikagonga sahani. Halafu Mwalimu Zefania akasema polepole, "Mchungaji, maji nilichelewa kuyarudisha mimi. Ni kweli, na nilijua ni zamu ya yule mama. Nilisema dakika kumi, zikawa saa mbili. Lakini la ndiva ni la ndiva. La geti ni la geti." Niliacha kuosha. Nilisimama na sufuria mikononi mpaka povu likakauka. Alikuwa anajua. Pale getini, ameshika saa yake, akiniambia pole na safari, alikuwa anajua ni nani aliyeniweka kwenye safari ile. Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha tangu siku hiyo, na mengine ni mazuri, lakini yote hunikuta nimesimama na sufuria ile.

Kesho yake mkuu wa chuo aliniita nyumbani kwake, siyo ofisini. Mkewe akanimiminia chai ya tangawizi, tangawizi yetu wenyewe, na akaweka viazi vitamu kwenye kisahani. Mchungaji alizunguka kidogo, akauliza mguu wa mama, akakohoa, kisha akafika. Mdai kwenye kesi ya maji ni mama yangu. Mama akiwaambia wazee kwamba amesamehe, ndoo inafutwa na maji yanarudi. Na chuo nacho kitafuta jina langu la tatu. "Mwalimu Zefania amekubali," akasema. "Haikuwa rahisi, lakini amekubali. Unasemaje, binti yangu?"

Hapa ndipo mwaka ule ulipokaa, kwenye kikombe kile cha chai. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa mezani. Ningesema ndiyo, mama angesema ndiyo kabla sijamaliza kumweleza, na mwezi wa kumi na mbili ningepiga magoti katika kanzu nyeupe. Lakini kichwani nilimwona Mwalimu Zefania akitembea mlimani mikono mitupu, hajaonja kitu, hajasema kitu, kosa lake limefutwa kwa kosa langu kana kwamba yalikuwa sawa. Nikaweka kikombe chini. "Mchungaji," nikasema, "la ndiva ni la ndiva. La geti ni la geti." Nilimwona akiyatambua maneno yale na kugundua nimeyapata wapi. Hakunikaripia. Alifunika uso kwa viganja kwa muda, akaniambia nimalize chai yangu.

Nilipata nilichokitaka. Siku ya msaragambo pembe ilipulizwa, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi nasi wanachuo tulikwenda na makarai. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya ndiva mpaka magotini kwenye tope. Saa tano hivi Mwalimu Zefania akatokea kwenye njia ya chini, shati limefungwa mpaka shingoni, ndoo kichwani. Maskini, alijaribu kuificha. Alikuwa ameifunika jani la mgomba, akidhani watu watasema ni maji au ni uji wa wafanyakazi. Lakini mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ndoo inayofunikwa jani la mgomba ni ya dengelua, hakuna nyingine, kwa hiyo tangu chini kabisa kila aliyempita alijua amebeba nini. Na alikuwa ameinunua kwa nani? Kwa yule yule mama aliyetengwa na kanisa, kwa sababu nyingine jirani hakuna. Mama huyo alikuja nyuma yake hatua kumi, amevaa khanga mpya, anatembea kama anakwenda harusini. Mzee Mkwizu akampa Mwalimu kibuyu. Watu wakaacha majembe. Mwalimu Zefania akachota, akatutazama sisi wanafunzi wake, akanitazama mimi, akanywa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona koo lake likishuka na kupanda. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye tope. Tangu siku ile nimeolewa, nimezaa, nimevuna magunia kwa magunia, na sijawahi kufurahi namna ile tena.

Maji yakarudi, kabichi zikaota, wenzangu wakaanza kunisemesha. Jina langu lilibaki daftarini. Mwezi wa kumi na mbili orodha ilisomwa barazani, majina kwa mpangilio wa herufi, na nilisikia pengo mahali palipokuwa pangu. Aliyesoma ni Mwalimu Zefania, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Siku ya kubarikiwa Eliaika alivaa kanzu nyeupe, mimi nikakaa na mama kwenye benchi lile la mbele upande wa kushoto, kwa sababu mama alisema ameshalichagua na halihami. Alilia ibada nzima, akimlaani Mwalimu kwa sauti ya chini. Sikumwambia juu ya ile chai kwa mchungaji. Mama amekufa akiamini kwamba nilinyang'anywa, na mimi nilimwacha aamini hivyo. Hilo nalo nimeliweka kwenye hesabu ya Mwalimu Zefania, ingawa najua, nikiwa peke yangu, kwamba si lake.

Nilirudi kwenye tangawizi. Miaka ikaenda, Mzee Mkwizu akafa, na siku moja wazee wa ndiva wakanichagua mimi kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke, kwa sababu walikumbuka nilivyokaa kwenye kesi ile bila kuyumba. Mwalimu Zefania alikuwa ameshastaafu. Alikuwa amejenga juu kidogo ya chuo, ana migomba, ana nyanya, na zamu yake ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kwa miaka kumi na mmoja nimeifunga zamu hiyo mwenyewe. Ningeweza kumtuma mtu, lakini Alhamisi nilikwenda mimi. Sikumpunguzia dakika hata moja, mtu asije akasema namwonea, na sikumwongezea hata moja. Alikuwa akija na fimbo yake, anasimama upande wa pili wa mfereji, anatazama saa yake, mimi natazama yangu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." Saa sita kamili nachomeka magome ya mgomba. Hatukuwahi kuongeza neno. Nilikuwa nangoja aseme, naye sijui alikuwa anangoja nini, na Alhamisi mbili za mwisho kabla hajafa hakuja, nikafunga maji peke yangu.

Basi Jumamosi ya mazishi nilivaa gauni langu jeusi, nikapanda bodaboda, nikafika mapema mno. Saa sita na nusu nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa ulio mkabala na njia ya kanisani, mbele yangu chai na chapati mbili. Nilikula polepole. Nilisikia kwaya, nikasikia kipaza sauti kikikwaruza wasifu wake, alizaliwa, alisoma, alitumika. Mwendesha bodaboda aliniuliza mara mbili, "Mama, hutachelewa?" Nikamwambia ndiyo, nitachelewa, anywe chai. Saa saba ikafika. Nikajenga picha kichwani ya kule kanisani: wameita jina langu, wametazamana, mchungaji ameinama kwa Eliaika kumnong'oneza, jeneza limekaa. Saa saba na dakika kumi. Saa saba na kumi na tano. Sikuona aibu hata chembe. Saa saba na dakika kumi na tisa nikalipa, nikavuka njia, nikapanda ngazi za kanisa bila haraka, na saa yangu ilipoonyesha dakika ishirini na mbili nikaingia kwa mlango mkubwa.

Hakuna aliyegeuka. Kwaya ilikuwa imesimama inaimba, watu wanafuatisha kwenye vitabu, mchungaji amefumba macho. Nilibaki mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mama Ruthi, mjane wa Mwalimu, alikuwa kwenye benchi la kwanza. Aliniona, akamwambia Eliaika aliyekuwa kando yake asogee, naye akasogea huku anatazama sakafu. Nikaenda nikakaa. "Shikamoo mama, pole sana," nikasema. "Marahaba mwanangu. Asante kwa kuja." Alinishika mkono kwa mkono wake mkavu, akanipa ratiba iliyokuwa mapajani mwake, ile ambayo kila mtu kanisani alikuwa nayo. Nikatafuta jina langu. Neno la wanachuo, Bi. Nakunda, saa saba na nusu.

"Mzee aliipanga mwenyewe kitandani," Mama Ruthi akanong'ona. "Akasema watu wote wapewe hii, ila Nakunda aandikiwe saa saba. Nikamwambia baba, si vizuri kumdanganya mtu siku ya msiba. Akasema, atachelewa huyo, na safari hii ana haki. Usiwaache watu wakae wanamsubiri wakamsema vibaya." Alitazama saa ya ukutani juu ya madhabahu. "Una dakika nane, mwanangu. Pumzika."

Nilikaa dakika nane mbele ya jeneza lile, kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto. Kila neno nililokuwa nimeliandaa lilikuwa limesimama juu ya kuchelewa kwangu, na kuchelewa huko yeye alikuwa ameshanichukulia. Ana haki, kasema. Kamwambia mkewe. Miaka yote ile ya Alhamisi, mita moja ya maji kati yetu, hakuweza kuniambia mimi. Nililia kwa hasira ile ile, na watu waliokuwa nyuma yangu wakadhani namlilia, wakanipigapiga mgongoni. Eliaika akanipa leso, nikaikataa.

Saa saba na nusu kamili mchungaji akaita jina langu. Nikasimama. Nikashika kipaza sauti, nikalitazama jeneza, nikawatazama watu wa Mamba waliojaa mpaka nje, na nikaona usoni mwa wazee kwamba wanajua ninachotaka kusema na wanaogopa nisije nikakisema. Kisha nikasema, "Bwana asifiwe. Marehemu Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kutunza muda. Sasa niwaambie habari za siku aliyopanda njia hii na ndoo kichwani, ameifunika jani la mgomba."